Kuwa na Karatasi na Kuwa na Ushahidi: Jinsi Sheria Inavyozitazama Nyaraka Mahakamani

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa ni wa aina ambayo kila wakili wa wilayani ameshakutana nayo. Mwanamke mwenye duka la jumla mjini Lindi anamkopesha mnunuzi wa ufuta shilingi milioni 45 msimu unapoanza, kwa makubaliano kwamba zitarudi msimu ukifungwa. Makubaliano yanaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi mbili zilizochanwa katika daftari la mistari. Mkopeshaji anatia sahihi, mkopaji anatia sahihi na kuongeza dole gumba kwa wino wa bluu, mashahidi wawili wanaandika majina yao chini, kisha karatasi zinakunjwa mara nne na kuwekwa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Msimu unafungwa, fedha hazirudi, na mwenye duka anakwenda mahakamani akiwa ametulia kabisa, kwa sababu yeye, tofauti na jirani zake wanaokopeshana kwa mdomo, ana maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye daftari analo.

Kinachomngoja huko hakukitegemea. Inawezekana kabisa kesi ikaisha akiwa ameshindwa huku karatasi zile zimo ndani ya jalada, hakimu amezipitia kwa macho yake, na hukumu ikasema kwamba mdai hakuleta ushahidi wa mkataba anaoudai. Watu wakitoka nje husema mahakama imenunuliwa. Mara nyingi haikununuliwa: karatasi ilikuwapo, ushahidi haukuwapo, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo ninayotaka kuifafanua.

Sheria inayohusika kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, iliyotungwa mwaka 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Namba za vifungu nitakazozitaja ni za toleo la mwaka 2022, kwa kuwa ndizo zilizojaa katika hukumu ambazo msomaji atakutana nazo. Zanzibar ina sheria yake ya ushahidi, na Mahakama za Mwanzo zimewekwa nje ya Sura ya 6, zikitumia kanuni zake fupi zilizotolewa mwaka 1964, kwa hiyo haya ninayoyaeleza yanahusu Mahakama ya Wilaya kwenda juu. Sheria ya mwaka 1967 ni mtoto wa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na mwanasheria wa Kiingereza James Fitzjames Stephen, ambayo Waingereza waliileta huku wakati wa utawala wao. Kenya na Uganda nazo zina sheria za ukoo huohuo, ndiyo maana wakili wa Nairobi akimsikiliza mwenzake wa Dar es Salaam akibishania nakala na nyaraka halisi hapotei njia. India yenyewe imekwisha kuiweka kando sheria hiyo na tangu tarehe 1 Julai 2024 inatumia nyingine. Sisi bado tunaishi na mantiki ya Stephen.

Kifungu cha 3 kinaanza kwa kutafsiri waraka, na tafsiri yake ni pana kuliko mazoea yetu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni jani, kisha karatasi, lakini sheria haijifungi kwenye karatasi: waraka ni maandishi ya mkono, ya taipu au ya kuchapwa, ni picha, ni data za kompyuta, ni kila kumbukumbu iliyowekwa kwa herufi, tarakimu au alama ili kueleza au kuhifadhi jambo fulani. Sheria ya India ilitoa mifano ambayo wanafunzi wa sheria hawaisahau, kwamba ramani ni waraka, maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe au bamba la chuma ni waraka, na hata katuni ni waraka. Kwa kipimo hicho ujumbe wa simu unaosema umepokea shilingi laki mbili ni waraka, na tarehe iliyochongwa kwenye kaburi la babu ni waraka vilevile.

Ushahidi wa nyaraka, kwa upande wake, ni nyaraka zinazotolewa mbele ya mahakama kama ushahidi. Neno la kulishika hapo ni "zinazotolewa". Karatasi iliyo kabatini, karatasi iliyo kwenye mkoba wa wakili, hata karatasi iliyopigwa pini nyuma ya hati ya madai, zote ni nyaraka, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo imekuwa ushahidi.

Kuna jambo moja la kutenganisha kabla ya kuendelea, nalo huwachanganya hata walio kazini. Waraka ni ushahidi wa nyaraka pale unapoletwa kwa ajili ya kile unachokisema. Barua ikiletwa kuonyesha kwamba mwandishi wake alikubali deni, mahakama inaisoma. Barua hiyohiyo ikiletwa kwa sababu ilikutwa na matone ya damu mahali pa tukio, mahakama inaitazama tu kama inavyolitazama panga au shati, na hapo ni kielelezo cha kitu, hata kama imejaa maandishi. Masharti ninayokwenda kuyaeleza yanaukamata waraka unaosomwa.

Sababu ya sheria kuwa kali kwa maandishi iko katika kifungu cha 61, ambacho kinasema mambo yote yanaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mdomo isipokuwa yaliyomo ndani ya nyaraka. Shahidi anaweza kusimama akaeleza alichokiona, alichokisikia, alichokigusa. Asichoruhusiwa kwa kawaida ni kusimama na kusimulia kilichoandikwa kwenye karatasi ambayo angeweza kuileta. Kifungu cha 100 kinakaza zaidi: masharti ya mkataba yakishawekwa katika maandishi, masharti hayo yanathibitishwa kwa waraka wenyewe, au kwa ushahidi wa pili, kama vile nakala, pale unaporuhusiwa. Hapa ndipo mwenye duka wetu anapogundua jambo la ajabu kidogo. Jirani yake aliyekopesha kwa mdomo yuko huru kusimama na kueleza masharti ya mkopo kwa maneno yake, kwa kuwa mkataba wa mdomo ni mkataba halali kwa mikopo ya kawaida. Yeye aliyeandika amefungwa na maandishi yake. Karatasi inampa nguvu ikipokelewa, lakini isipopokelewa, njia rahisi ya kusimulia nayo imezibwa.

Haina maana kwamba kila kilichogusana na karatasi kimefungwa humo. Ikiwa fedha zilihesabiwa mezani mbele ya watu, tendo la kuhesabu na kukabidhi linaweza kusemwa na waliokuwapo hata kama stakabadhi iliandikwa, kwa sababu kupokea fedha ni tukio na stakabadhi ni kumbukumbu yake tu. Lakini lini deni lilipaswa kulipwa, kwa riba au bila riba, na nani alijifunga kama mdhamini, hayo ni masharti, na masharti yaliyoandikwa yanatafutwa kwenye maandishi.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Kifungu cha 63 kinasema yaliyomo ndani ya waraka yanathibitishwa ama kwa ushahidi wa msingi ama kwa ushahidi wa pili. Ushahidi wa msingi ni waraka halisi unaoletwa mahakama iukague. Ushahidi wa pili ni nakala zilizothibitishwa kwa mujibu wa Sheria, nakala zilizotolewa na mashine kutoka katika waraka halisi, nakala zilizolinganishwa na halisi, na hata maelezo ya mdomo ya mtu aliyeuona waraka kwa macho yake. Kifungu cha 66 kinaweka kanuni kwamba waraka unathibitishwa kwa ushahidi wa msingi, na kifungu cha 67 kinafungua milango ya pembeni.

Ukali huu wa kudai karatasi halisi una umri mkubwa kuliko mashine za kutoa kopi. Ulizaliwa wakati nakala zilipokuwa zinaandikwa kwa mkono na karani aliyechoka aliweza kuruka mstari. Mtu anaweza kufikiri kwamba mashine imeuondolea maana. Mimi naona imeuongezea, na mfano wa Lindi unaonyesha kwa nini. Tuseme mkopaji anadai kwamba alikopa milioni 15, na kwamba tarakimu ya kwanza imebadilishwa. Kuigeuza 1 kuwa 4 kunahitaji mikwaju miwili tu ya kalamu. Kwenye karatasi halisi mikwaju hiyo inaweza kuonekana: wino unaotofautiana kidogo, kalamu iliyokandamiza zaidi hadi ikaacha alama nyuma ya karatasi, mstari wa pili uliopita juu ya ule wa kwanza. Kwenye nakala kivuli yote hayo yamepotea. Mashine imezilainisha tarakimu zote zikawa za rangi moja, na aliyetaka kughushi hana haja ya kuwa fundi, kwani anaweza kubandika kipande cha karatasi juu ya kingine, akapitisha kwenye mashine ya steshenari kwa shilingi mia, akatoka na ukurasa usio na mshono.

Milango ya kifungu cha 67 ipo kwa sababu sheria inajua kwamba karatasi hupotea, huungua, huliwa na mchwa, au hubaki mikononi mwa mtu asiyetaka ionekane. Nakala inaweza kupokelewa pale waraka halisi ulipopotea au kuharibika bila uzembe wa anayeutegemea. Pale ulipo mikononi mwa mpinzani au mtu ambaye amri ya mahakama haimfikii. Pale mpinzani alipokwisha kukiri kwa maandishi kuwapo au maudhui yake. Pale usipoweza kubebeka kwa urahisi, kama yale maandishi ya juu ya jiwe. Na pale waraka wenyewe ni wa umma. Jambo linalosahaulika ni kwamba mlango haufunguki kwa kuutaja. Anayesema karatasi imepotea anatakiwa kueleza, kama shahidi, ilikuwa wapi, ilionekana mara ya mwisho lini, aliitafuta vipi, na nakala aliyonayo ilitolewa lini na nani kutoka katika karatasi halisi. Taarifa ya polisi ya upotevu husaidia kuonyesha kwamba aliripoti, lakini nayo ni karatasi inayosema kile alichowaambia polisi. Mara nyingi wakili husimama na kusema, "Mheshimiwa, ya halisi imepotea, tunaomba kutoa nakala," na anayejua lini na vipi ilipotea amekaa kimya kwenye benchi nyuma yake.

Pale waraka unapokuwa kwa mpinzani, kifungu cha 68 kinataka apewe kwanza notisi ya kuuleta. Asipouleta baada ya notisi, nakala inapita. Kuna hali ambazo notisi haihitajiki, kwa mfano kama waraka unaotafutwa wenyewe ni notisi, au kama mpinzani aliupata kwa hila au kwa nguvu, au kama aina ya kesi yenyewe ilimjulisha kwamba atatakiwa kuuonyesha.

Hapa inafaa kusimama kwenye imani moja iliyoenea mno, kwamba nakala kivuli ikigongwa muhuri na wakili inakuwa sawa na karatasi halisi. Muhuri huo unafaa kwa maombi ya kazi na ya chuo, na ndiko watu walikouzoea. Katika Sheria ya Ushahidi, nakala iliyothibitishwa inayopita bila maswali ni ya waraka wa umma, yaani kumbukumbu za mamlaka ya nchi, za mahakama, za ofisi na watumishi wa umma, au rejista za umma ambamo nyaraka za watu binafsi zimehifadhiwa. Anayeithibitisha ni mtumishi anayeutunza waraka huo, ambaye huandika chini yake kwamba ni nakala sahihi, akaweka tarehe, jina, cheo na sahihi, pamoja na muhuri pale anaporuhusiwa kuutumia. Cheti cha kuzaliwa kina rejista nyuma yake, na hati ya kumiliki ardhi ina daftari la msajili. Mkataba wa mkopo wa watu wawili hauna rejista popote. Unabaki waraka wa binafsi hata kama mwenyekiti wa mtaa aliugonga muhuri wake, na wakili aliyeona nakala yake miaka mitatu baadaye haondoi wajibu wa kuleta karatasi halisi au kueleza iko wapi.

Tuchukulie kwamba mwenye duka wetu karatasi zake halisi anazo. Bado hazijawa ushahidi, na hapa ndipo wengi huanguka.

Alipofungua kesi aliambatisha nakala kwenye hati ya madai, akaziita kiambatisho A. Mahakama ya Rufani katika shauri la Sabry Hafidh Khalfan dhidi ya Zanzibar Telecom ilieleza kwa lugha isiyo na utata kwamba viambatisho vya hati za madai na majibu si ushahidi. Kazi yake ni kumwezesha upande wa pili kujua kesi anayokwenda kukabiliana nayo, asije akashtukizwa. Mdai ambaye kizimbani anasema "mkataba upo kwenye kiambatisho A" na kuendelea na mambo mengine amesimulia karatasi ambayo mahakama haijaipokea, na hakimu anapoandika hukumu hana ruhusa ya kufunua nyuma ya jalada na kuisoma.

Anayetakiwa kuutoa waraka ni shahidi, akiwa amekula kiapo. Wakili hawezi kuutoa kwa niaba yake akiwa amesimama mezani pake, na mwendesha mashtaka pia hawezi. Katika rufaa ya Thomas Ernest Msungu, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mwendesha mashtaka si shahidi, hakuapishwa, na hawezi kuulizwa maswali ya dodoso juu ya anachokitoa. Wala si kila shahidi anafaa. Kipimo kilichowekwa katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Mirzai Pirbakhsh ni kwamba shahidi awe anakijua kitu hicho na amewahi kuwa nacho wakati fulani, hata kwa muda mfupi. Kwa karatasi za Lindi, mwenye duka mwenyewe anafaa, na wale mashahidi wawili waliozishika na kuandika majina yao wanafaa. Mpwa wake anayeishi Dodoma, aliyehadithiwa kwenye simu, hafai.

Shahidi anaanza kwa kujenga msingi: anaeleza waraka ni upi, uliandikwa lini, wapi, mbele ya nani, na ataujuaje akiuona. Akionyeshwa anautambua, kwa mfano kwa mkunjo wake, kwa dole gumba la bluu, kwa mwandiko wa shahidi wa pili unaoinamia kushoto. Kisha anaomba upokelewe. Upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, na huo ndio wakati wa kupinga. Anayenyamaza hapo akitegemea kwenda kulalamika kwenye rufaa anajitafutia taabu. Mahakama inatoa uamuzi, na ikiukubali, waraka unapewa namba ya kielelezo, P kwa upande unaodai au unaoshtaki, na D kwa upande unaojitetea.

Baada ya hapo unasomwa kwa sauti. Mpangilio huu wa kuomba, kupokelewa na kusomwa ulisisitizwa katika rufaa ya Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri ya mwaka 2003, ambayo huenda ndiyo hukumu inayotajwa kuliko zote katika mada hii kwenye kesi za jinai. Kuusoma waraka kabla haujapokelewa ni kumwagia hakimu masikioni kitu ambacho pengine atakikataa. Kutousoma baada ya kupokelewa kunamwacha mshtakiwa, ambaye mara nyingi hana wakili na pengine hajui kusoma, akihukumiwa kwa maneno ambayo hakuwahi kuyasikia. Adhabu ya kosa hilo ni kielelezo kuondolewa kwenye kumbukumbu, yaani rufani inasikilizwa kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Fomu ya polisi namba 3, ile PF3 ambayo daktari huijaza baada ya kumpima aliyejeruhiwa au kubakwa, imeondolewa hivyo mara nyingi, pengine kwa kutosomwa, pengine kwa sababu mshtakiwa hakuambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali.

Watu wanaposikia kwamba PF3 imeondolewa hudhani kesi imekwisha. Haiwi hivyo siku zote. Daktari akiwa alikuja mwenyewe na kueleza alichokiona wakati wa kumpima mgonjwa, maelezo yake ya mdomo yanabaki hata fomu ikitolewa, kwa sababu anasimulia alichokiona yeye, na karatasi ilikuwa kumbukumbu yake tu. Hapa tumerudi kwenye kifungu cha 61: tukio linasemwa na aliyeliona, na kinachohitaji karatasi ni yale yanayoishi ndani ya karatasi peke yake.

Katika kesi za madai kuna hatua nyingine ndogo ambayo imevunja kesi kubwa. Amri ya XIII, kanuni ya 4 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka juu ya kila waraka uliopokelewa paandikwe namba na majina ya kesi, jina la aliyeutoa, tarehe ulipotolewa, na maneno kwamba umepokelewa, na hakimu au jaji atie sahihi yake au herufi za majina yake. Ni mistari minne ya kalamu ubavuni mwa karatasi. Katika rufaa ya A.A.R. Insurance dhidi ya Beatus Kisusi suala la kukosekana kwa maandishi hayo lilifika hadi Mahakama ya Rufani, na sababu yake si urasimu mtupu: bila mistari hiyo, mtu anaweza kuchomoa ukurasa jaladani akaweka mwingine, na majaji wa juu wasijue kama wanachosoma ndicho alichokisoma hakimu.

Pia kuna ushuru wa stempu. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, kifungu cha 47, inazuia hati inayotakiwa kulipiwa ushuru isipokelewe kama ushahidi ikiwa haijalipiwa. Dawa yake ni nyepesi, kwa kuwa ushuru unaweza kulipwa pamoja na adhabu na hati ikaendelea, lakini wakili wa upande wa pili huusubiri upungufu huu kama mvuvi anavyosubiri maji yakupwe.

Kielelezo kimepokelewa, kimesomwa, kimeandikwa ubavuni. Je, sasa mwenye duka ameshinda? Bado. Kupokelewa kunamaanisha kwamba mahakama imekubali kukisikiliza, na haijasema kwamba inakiamini. Linabaki swali la uhalisia, yaani kama sahihi ile ni ya mkopaji kweli, na swali la uzito. Sahihi inathibitishwa kwa njia kadhaa: na mtu aliyemwona akisaini, na mtu anayeufahamu mwandiko wake kwa sababu ya kuandikiana naye kwa muda, na mtaalamu wa maandishi, au na mahakama yenyewe kwa kuilinganisha na sahihi nyingine isiyobishaniwa, kama kifungu cha 75 kinavyoruhusu. Maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama. Wale mashahidi wawili wa Lindi, kama walikuwa chumbani wakati kalamu inashikwa, wana thamani kuliko darubini, na ndiyo faida halisi ya kuwa na mashahidi kwenye mkataba, mradi wakumbuke kwamba waliitwa ili siku moja waje kusema.

Kuna swali jingine tofauti na la sahihi, nalo ni la ukweli wa yaliyoandikwa. Barua inayosema "nilimwona fulani akimpa fulani fedha" inathibitisha kwamba mwandishi aliandika hivyo; haithibitishi kwamba fedha zilitolewa, kwa sababu mwandishi hayupo kizimbani aulizwe alikuwa amesimama wapi. Kimsingi ni maneno ya kusikia yaliyovaa karatasi. Sheria ina vipenyo vyake, mathalani maelezo ya mtu aliyekwisha kufariki au asiyeweza kupatikana, lakini kila kipenyo kina masharti yake. Mkataba hauna tatizo hili, kwa kuwa maneno ya mkataba hayasimulii tendo la mkopo. Ndiyo tendo lenyewe. Na hata waraka wenye heshima kubwa unaweza kupinduliwa. Katika shauri la Amina Maulid Ambali dhidi ya Ramadhani Juma, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba wawili wanapogombania ardhi, mwenye hati ya kumiliki atachukuliwa kuwa mmiliki halali, isipokuwa ikithibitika kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali.

Mkopaji naye ana nafasi yake. Kifungu cha 101 kinamzuia kuleta maneno ya mdomo ya kupingana na masharti yaliyoandikwa, kuyaongeza au kuyapunguza, kwa hiyo hawezi kusema tu kwamba "tulikubaliana pembeni nitalipa nikipata". Lakini anaruhusiwa kuonyesha kwamba alidanganywa au kutishwa, kwamba mkataba ni batili kisheria, kwamba kulikuwa na makubaliano tofauti juu ya jambo ambalo karatasi imelinyamazia, au kwamba baadaye walibadilishana masharti kwa njia ambayo sheria haikutaka iandikwe. Dai lake kwamba 1 iligeuzwa 4 halimo katika yanayozuiwa; hapingi masharti ya waraka, anasema waraka huu si ule alioutia sahihi.

Yote haya yaliandikwa kwa ajili ya wino. Mwaka 2000 benki moja ilifungua shauri katika Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises na wenzake, na likazuka swali kama karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ya benki ni daftari la benki kwa maana ya Sheria ya Ushahidi, ambayo mwaka 1967 ilikuwa inafikiria vitabu vikubwa vya majalada magumu. Jaji Nsekela alijibu ndiyo, kwa mantiki kwamba sheria haiwezi kuziacha mahakama nyuma ya biashara inavyoendeshwa. Marekebisho yalifuata mwaka 2007, kisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaweka kanuni ya jumla, kwamba taarifa ya kielektroniki haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki, na ikaingiza kifungu cha 64A katika Sheria ya Ushahidi.

Kutokataliwa hakumaanishi kuaminiwa. Kifungu cha 18 cha sheria ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito, iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, jinsi ilivyolindwa isibadilishwe, na jinsi aliyeituma alivyotambuliwa. Mfumo unadhaniwa kuwa sahihi pale inapoonyeshwa kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa, au kumbukumbu ilihifadhiwa na mpinzani wa anayeileta, au na mtu asiye na upande katika kesi aliyeihifadhi katika shughuli zake za kila siku. Sharti hilo la mwisho lina maana kubwa kwa mtu wa kawaida. Picha ya skrini ya mazungumzo ya WhatsApp ni kumbukumbu iliyotunzwa na mtu mwenye maslahi, kwenye simu yake, na jina la aliyetuma ni lile alilolihifadhi yeye mwenyewe. Namba yoyote inaweza kuandikwa jina lolote. Taarifa ya miamala inayotolewa na kampuni ya simu yenyewe, ikiletwa na mtumishi wake, imetunzwa na asiye na sababu ya kumpendelea yeyote.

Kwa hiyo mwenye duka wetu, akiwa bado na muda kabla kesi haijaanza kusikilizwa, ana mambo ya kufanya: kwenda na karatasi mbili za daftari zikiwa halisi, zimelipiwa stempu, kumtafuta yule shahidi wa pili aliyehamia Masasi, na kuomba benki au kampuni ya simu taarifa ya siku ile, inayoonyesha kwamba kutoka akaunti yake zilitoka milioni 45, si 15. Kwenye ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka chini, kiasi kimeandikwa pia kwa maneno, na "arobaini na tano" haiwezi kutengenezwa kwa mikwaju miwili ya kalamu.